Damu ya Upande wa Mama

Mjomba alifumba macho kabla hata sijatoa pamba kwenye kopo.

"Umeshachoma?"

"Bado, Mjomba. Sijagusa kitu."

"Basi ukitaka kuchoma, sema. Na ukishasema, usichome hapo hapo. Nipe nafasi nimeze mate."

Mtu ambaye mgongo wake umepandisha makabati ya watu hadi ghorofa za juu kabisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kutolea damu kama mtoto aliyeletwa kunyolewa kwa nguvu. Alikuwa amechonga ndevu. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya nguo iliyolala sandukuni muda mrefu ikingoja siku ya maana. Nilimfunga mpira juu ya kiwiko, na mshipa ukainuka papo hapo, mnene kama kamba iliyopita chini ya kitambaa. Mikono niliyoishika katika kazi hii ni mingi, na mishipa mingine huwa naitafuta kwa kubembeleza. Huu ulikuja kana kwamba ulikuwa umekaa mlangoni ukisubiri kuitwa.

"Sasa, Mjomba."

Nikampa nafasi ameze mate, kisha nikachoma.

Damu iliingia kwenye kichupa taratibu, nzito, yenye rangi ya zambarau mbivu. Niliijua damu ile. Nilikuwa nimeiona kwenye mkono mmoja tu maishani mwangu, mkono wa mdogo wangu, na kwa sababu yake watu walikuwa wakimwita mwizi wa ushindi.

*

Mdogo wangu anaitwa Betri. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwetu, kwa kuwa haishi chaji. Tulikuwa tukicheza kukimbizana mpaka sote tukajitupa kando ya ukuta ndimi nje, naye akawa anatuzunguka akiuliza zamu ya nani, mbona mmelala. Mimi ni mkubwa wake. Tulikula sahani moja, tukalala kitanda kimoja, na alipoanza mazoezi ya kweli tukapanda pamoja kilima cha nyuma ya soko, asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu Mama Mkubwa, aliyetulea, hakutaka akimbie peke yake. Nilijitahidi, Mungu anajua. Nilifika juu nikiona nyota mchana. Yeye alifika juu akiimba, tena wimbo aliouanza chini.

Kocha wake aliwahi kunipa chupa ya maji nikiwa nimeinama nashika magoti. Akaniambia, "Wewe una moyo, dada mtu. Yeye ana moyo, na ana kitu kingine ambacho mimi sikijui."

Sikuumia. Labda ningekuwa mtu wa kushindana ningeumia. Mimi ni mtu wa pembeni. Darasani nilikuwa najua jibu na bado naomba moyoni nisiulizwe. Nilikwenda chuo kusomea kazi ya maabara, mahali ambapo mtu anaweza kushinda siku nzima na hadubini asiulizwe kwa nini hasemi. Betri naye akaendelea kupanda, mbio za shule, mbio za mikoa, mpaka jina lake likafika mahali pa kuitwa timu ya taifa.

Hapo ndipo alipopimwa damu, na damu ikakutwa imezidi.

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa kutoka mapafuni kuipeleka kwenye misuli. Mwenye nyingi huchelewa kuchoka. Wapo wakimbiaji wanaojichoma homoni ili mwili utengeneze nyingi kuliko desturi yake, au wanaojiongezea damu kisirisiri, na za Betri zilikuwa zimepita kiwango ambacho chama cha riadha hukiona ni cha binadamu asiyeguswa na sindano. Walimsimamisha papo hapo. Akaitwa kwenye kamati ajieleze. Akishindwa kujieleza angefungiwa, na ule ungekuwa mwisho, kwa sababu miguu ya mkimbiaji haiwekwi kabatini ikatolewa baada ya miaka ikiwa vilevile.

Mtaani watu walikuwa wameshahukumu. Muuza duka aliyewahi kubandika picha yake ukutani aliibandua. Wengine walimaliza mambo kwa hesabu fupi, na katika hesabu hiyo nilikuwamo mimi.

"Dada mtu si yuko maabara? Mpishi yumo humo humo ndani. Mdogo wake atakosaje kushiba?"

Hilo niliweza kulimeza. Nililoshindwa kulimeza lilikuja jikoni, Betri akikausha vyombo huku akitazama sakafu.

"Dada. Hivi mtu anaweza kuchomwa sindano amelala, asijue?"

"Hawezi, mpenzi wangu. Angeamka."

"Nauliza tu."

Aliendelea kukausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. Nikaelewa kwamba alikuwa amemzunguka kila mtu akilini mwake akitafuta mkosaji, na katika kuzunguka huko alikuwa amefika kwangu, akasimama kidogo, akaona aibu. Sikumlaumu. Mtu anayejua hakufanya kosa, na mwili wake mwenyewe unamshuhudia kwamba amefanya, atamwamini nani?

*

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa fiziolojia, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni na sauti ya kuvunja karanga. Ilinichukua muda kugonga mlango wake. Alisoma majibu ya Betri akayasoma tena, akavua miwani.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mdogo wangu, mwalimu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Anaumwa kichwa wakati wa joto?"

"Ndiyo. Tangu mdogo."

Alisogeza kiti karibu yangu, jambo ambalo darasani hakuwahi kulifanya kwa mtu. "Nisikilize. Uboho wa mifupa ndio jiko la damu. Figo hutuma homoni kuuambia upike. Chembe zikipikwa za kutosha, kuna swichi huzima jiko. Sasa, wapo watu wachache sana wanaozaliwa na swichi isiyozima vizuri. Jeni moja, kosa dogo. Homoni ikinong'ona, uboho unasikia kelele, unapika tu. Nimesoma habari zao, sijawahi kumwona hata mmoja."

"Kwa hiyo Betri..."

"Sijasema. Kamati haitaki 'labda' yangu wala yako, na wewe ndiye wa kwanza ambaye hawatakuamini. Lakini kitu cha namna hiyo hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Niletee mwingine wa ukoo huo mwenye damu kama hiyo. Mtu mzima, asiyekimbia mbio, asiye na sababu yoyote ya kujichoma kitu. Utachukua damu mbele yangu, sampuli nyingine nitaipeleka mwenyewe maabara ya jeni. Hapo tutaongea."

Nilianza na mimi. Damu yangu ilikuwa ya kawaida, ya kawaida kabisa, kama nilivyotarajia. Baba, ambaye kazi ya ujenzi humweka mbali, alipimwa huko huko aliko: kawaida. Nikabaki na upande wa mama. Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la mwisho la shule ya msingi, kwa homa ya mapafu, na picha yake iliyonikaa ni ya viganja vyake. Vilikuwa vyekundu siku zote, kama vya mtu aliyetoka kufua kwa maji ya moto. Alipanda kilima cha soko na ndoo kichwani akiongea njia nzima, na wenzake wakimjibu kwa kichwa tu kwa kuwa pumzi hawana.

Dada yake mkubwa ndiye aliyetulea. Mama Mkubwa hupiga pasi sare za wafanyakazi wa hoteli. Chumba chetu cha mbele kina harufu ya mvuke na wanga tangu nizijue harufu. Alinipa mkono wake huku mwingine ukiwa bado umeshika pasi.

"Chukua upesi, nguo zinapoa."

Majibu yake nayo yalikuwa ya kawaida. Nilipomwambia, alisimamisha pasi.

"Si kwangu," alisema. Sauti yake ilikuwa na nafuu, na ndani ya nafuu palikuwa na kidonda. "Haya. Amebaki nani?"

Sote wawili tulimjua aliyebaki. Jina lake halikuwa likitajwa ndani ya nyumba ile.

*

Mjomba ndiye kitinda mimba wao. Nikiwa mdogo alikuwa dereva, na alikuwa anakuja na lori tupu akatuzungusha mtaani. Macho yake yalikuwa mekundu, pua na midomo vikiwa na wekundu wa chini chini kama makaa yaliyofunikwa jivu. Watu wakasema anakunywa. Alipokana, wakasema walevi wote hukana. Tajiri wake aliyasikia hayo akamtazama usoni asubuhi moja, akamwachisha udereva bila kumnusa. Baada ya hapo kila alipoingia mahali, macho yake yalikuwa yameshatangulia kumsema.

Siku tuliyomzika mama, alikuja na wanaume wengine kushika jeneza. Alikuwa amelia njia nzima, na macho yale mekundu yakawa kama vidonda. Mama Mkubwa alisimama kati yake na jeneza. Alikuwa na uchungu uliotafuta mahali pa kutua, ukatua juu ya Mjomba.

"Hata leo? Hata leo umekunywa? Dada yako hachukuliwi na mlevi."

Aliyasema mbele ya watu wote. Mjomba alirudi nyuma. Akatoka katikati ya waombolezaji, na hakukanyaga tena mlangoni kwetu. Kila mwaka uliopita ukawa jiwe juu ya jiwe, mpaka ukuta ukasimama wenyewe bila mtu kukumbuka aliupanga kwa mikono yake.

Nilimkuta kwenye jengo la ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa imeharibika. Kazi yake ilikuwa ya kuhamisha vyombo. Walikuwa wawili wamebeba kabati la mbao ngumu, yeye upande wa chini, ambako uzito wote hushukia. Niliwafuata ngazi kwa ngazi mikono mitupu. Walipolitua mlangoni mwa mwenye nyumba, mwenzake alianguka chali kwenye baraza. Mimi niliegemea ukuta nikihema. Mjomba alifuta vumbi kwenye mlango wa kabati kwa kiganja, akageuka kuniangalia, wala kifua hakijapanda.

"Nani huyu anakufa hapa?" aliuliza.

Mwenzake alinyanyua kichwa. "Labda mchumba. Amekuona unavyobeba, ameishiwa pumzi."

"Nyamaza wewe. Huyu ni mtoto wa dada yangu." Alikuwa amenitambua. Alinitazama sana. "Una paji la uso la mama yako. Mama yako mkubwa anajua umekuja?"

"Anajua, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa basi kwenye ngazi, usije ukaanguka nikaambiwa nimekusukuma."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na sasa yote yalikuwa yametawanyika. Nilimweleza hovyo hovyo, nikianzia mwisho: kamati, sindano, jiko la damu, viganja vya mama, Betri na sahani iliyokauka. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa amekaa ngazi moja chini yangu, akikunja na kukunjua kamba yake ya kubebea.

"Kwa hiyo unataka karatasi iseme damu yangu si nzuri."

"Si kwamba si nzuri, Mjomba. Ni nyingi."

"Kwa tajiri ni yale yale. Nilipokuwa dereva hakuna aliyenipima, walinitazama tu, wakanifukuza. Huyu wa sasa hanitazami, anatazama kabati limefika au halijafika. Nimekaa vizuri hapa. Ukimletea habari kwamba mimi ni mgonjwa wa damu, ataniambia nenda ukafie kwenu."

Ningeweza kumwambia halitatokea, lakini sikujua, na mimi nikidanganya sauti hunisaliti.

"Sijui atasemaje," nilimwambia. "Siwezi kukuahidi."

Mwenzake aliita kutoka chini. Kulikuwa na kitanda kinasubiri. Mjomba alisimama akaiweka kamba begani. Alishuka ngazi kadhaa, akasimama.

"Huyo mtoto anakimbiaje?"

"Nini?"

"Anakimbiaje? Sijawahi kumwona akikimbia. Nasikia tu redioni."

Nilifikiri. "Kama mtu anayerudi nyumbani na anajua amepikiwa."

Alicheka, kicheko kifupi kilichopanda ghorofa zote. Akashuka. Hakusema atakuja. Nilirudi nikiwa sina la kumwambia Betri, wala sikulala vizuri. Na asubuhi nilipofika maabara kufungua milango, Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na ndevu zilizochongwa, akaniuliza kama sindano inauma. Nilimwita mwalimu aje ashuhudie.

*

Tukizungusha kichupa cha damu kwenye mashine, damu hujitenga: nyekundu hutulia chini, na maji ya damu hubaki juu, ya manjano hafifu. Kwa watu wengi nyekundu haifiki katikati. Mwalimu wangu alikitoa kichupa cha Mjomba. Alikiweka kando ya kile cha Betri, kisha akaweka na cha kwangu. Vile viwili vilikuwa vimejaa wekundu hadi mabegani. Changu kilisimama pembeni, kifupi, kama mgeni asiyejua wenyeji wanaongea nini.

"Tazama," alisema mwalimu, na sauti yake ya kuvunja karanga ilikuwa imelainika. "Tazama ndugu hawa."

Majibu ya jeni yalikuja baadaye kutoka maabara ile kubwa. Mjomba na Betri walikuwa na kosa lilelile, mahali palepale. Lilikuwa limepita kwa mama yetu bila mtu kulipa jina. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu ulikuwa umepita pembeni yangu ukaingia kwa mdogo wangu. Mwalimu alimwonya Mjomba anywe maji mengi na aje kupimwa mara kwa mara, maana damu nzito ina hatari zake. Tajiri wake naye, alipoelezwa, aliuliza kama kwenye ukoo wetu wapo wengine wa aina hiyo, awaajiri.

Nilimwambia Mama Mkubwa mchana, akiwa kwenye pasi. Nilimweleza kuhusu vichupa, jeni, dada na kaka. Aliendelea kupiga pasi. Aliligeuza shati moja upande huu, upande ule, tena upande huu.

"Na macho?" aliuliza.

"Macho pia, Mama. Ndiyo hiyo hiyo damu. Inaonekana kwenye macho."

"Kwa hiyo hata akinywa maji."

"Hata akinywa maji."

Alilikunja shati. Alilikunja vizuri sana, kola juu, mikono nyuma, akaliweka juu ya mengine. Kisha akaenda chumbani akafunga mlango, na nguo za hoteli zikapoa hadi jioni.

*

Siku ya kamati Mama Mkubwa alivaa gauni lake la heshima bila kuulizwa kama anakuja. Mjomba tulimkuta nje ya jengo. Yeye na dada yake walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu. Mwalimu wangu alieleza vizuri, akaweka majibu mbele yao. Betri alikaa mikono katikati ya magoti, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Mwenyekiti akamwita Mjomba athibitishe kwamba ni yeye aliyetoa damu. Akasimama. Mjumbe mmoja, mwanamume mwenye tai iliyonyooka, alimtazama kwa muda, akainamia mwenzake, kisha akainua kichwa.

"Kabla hatujaendelea, bwana. Samahani, lakini lazima niulize. Umekunywa leo?"

Maelezo yote ya mwalimu yalikuwa mezani mbele ya mtu yule, yamesomwa, na bado macho yalikuwa yameshinda. Mjomba alitazama mikono yake. Nilimwona akianza kuugeuza mwili kidogo kuelekea mlangoni, na nikajua kama akitoka, anatoka na miguu ya Betri. Nilifungua mdomo. Sauti haikuja. Imekuwa hivyo tangu utotoni. Inanikimbia siku ninapoihitaji.

Kiti kilisukumwa nyuma yangu.

"Hajanywa," alisema Mama Mkubwa.

"Mama, tafadhali, utapewa nafasi..."

"Nafasi nimeikalia miaka mingi, mwanangu, nisamehe. Huyu ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni. Hajanywa leo, hajanywa jana, hajaonja maisha yake yote, na alisema hivyo, hakuna aliyemsikiliza. Wa kwanza kumwita mlevi mbele ya watu ni mimi, siku tuliyomzika dada yake. Nilimzuia asimbebe. Nilikosea. Hili nalisema hapa mbele ya watu kwa sababu lile nililisema mbele ya watu." Alivuta pumzi. "Na huyu mtoto. Mnamuuliza dawa amezitoa wapi. Amezitoa kwetu. Amezitoa kwa mama yake. Hana pengine."

Alikaa. Mjumbe mwenye tai alikuwa ameinama juu ya majibu yale, safari hii anasoma kweli. Alipoinuka alimwangalia Mjomba usoni.

"Samahani sana, bwana."

"Haidhuru," alisema Mjomba. "Nimezoea." Kisha, kama aliyejishangaa, "Nilikuwa nimezoea."

Tulitolewa nje, tukangoja kwenye korido. Betri alikuwa amemshika Mjomba mkono, anakitazama kiganja chake, anakilinganisha na chake, anakitazama tena. Tulipoitwa ndani mwenyekiti hakuwa na hotuba. Alisema kamati imeridhika kwamba hali hiyo ni ya kuzaliwa nayo, kwamba kiwango chake kitaandikwa kuwa ndicho kiwango chake, na kwamba zuio limeondolewa kuanzia saa hiyo. Akamwangalia Betri juu ya miwani.

"Nenda kakimbie, binti."

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wangu mmoja, siku hizi ninapofundisha kidogo, kama sikuona wivu kwamba ukoo una zawadi na mimi imeniruka. Nami nilipewa zangu. Nilipewa mtu aliyetoka kwenye kazi yake, na hofu yake, akaja kufumba macho kwenye kiti changu. Nilipewa sauti ya mwanamke mwingine siku ile sauti yangu iliponitoroka. Vitu hivyo havionekani kwenye mashine, na bado mpaka leo naishi navyo.

Barabara ya kutoka pale hupanda mlima mrefu hadi kituo cha basi. Betri alivua viatu vyake vya heshima, akanitupia, akaondoka mbio miguu mitupu, gauni limekusanywa mkononi, watu wakimpisha. Hatukumwita. Kwa muda tulimwona, kisha kona ikamchukua.

Mama Mkubwa na Mjomba walikuwa mbele yangu. Mjomba alitembea kama anavyotembea siku zote, kama mlima ni sakafu. Mama Mkubwa alijaribu kwenda naye sambamba, na baada ya nguzo chache za umeme nikaanza kusikia pumzi yake.

"Unakula wapi siku hizi?" alimuuliza.

"Popote tu."

"Popote si mahali."

Alisema hivyo kwa shida, maneno yakikatikakatika, na bado hakutaka kusimama. Mjomba hakumwambia apumzike. Hakumshika mkono. Aliangalia juu, kule alikopotelea mtoto, akahamishia koti lake bega jingine, akapunguza hatua.